Wiki Tatu za Kimya cha Redio

Kama kuna mtu aliyezaliwa akiwa tayari katikati ya sentensi, basi ni yule fundi vioo waliyembandika jina la Redio. Mama yake husimulia kwamba mtoto alitoka akilalamika, na tangu siku hiyo hajafika kwenye nukta. Alikuwa mrefu wa kuinamia kila mlango, viganja vyake vipana kama sinia, na akiwa na miaka thelathini na sita bado ndiye aliyekuwa mchezaji wa kati wa Stoo, timu ya mpira wa kikapu iliyopewa jina hilo kwa sababu ilifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya stoo ya mbao. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na msumeno wa umeme uliolia kutwa nzima. Pale, ukitaka mwenzako akusikie, unapiga ukelele au unamwandikia barua. Redio hakuwa mtu wa barua.

Wenzake walikuwa watu wenye kazi zao: maseremala wawili, dereva wa lori la mchanga, mwalimu wa hesabu, na fundi simu mmoja mfupi mwenye mikono ya haraka, ambaye ndiye aliyechezesha mpira. Hakuna aliyepewa hata soksi. Ila walikuwa daraja la kwanza la ligi ya mji mwaka wa tano sasa, na kila mtu alijua sababu. Mpira ukimfikia Redio chini ya kikapu, alikipa kikapu mgongo, akampa beki bega kama mtu anayeomba kupishwa kwenye foleni, kisha mkono wa kulia ukapita juu ya kichwa na kuumwaga mpira kwa nyuma kama maji ya kuoshea vyombo. Ukazama. Watoto wa mtaani waliuiga mtupo huo kwa maganda ya machungwa na ndoo za mama zao, wakachapwa, wakarudia.

Kocha, mwalimu mstaafu wa michezo aliyevaa filimbi yake hata harusini, alikuwa na kauli moja: "Timu hii ni mkono wa Redio. Sisi wengine ni kiwiko."

Mdomo wa Redio hawakuuhesabu. Waliuona ni usumbufu tu unaoandamana na mkono, kama inzi wanavyoandamana na nyama. Maana hakunyamaza tangu mpira uliporushwa juu hadi filimbi ya mwisho. "Nyuma yako, nyuma yako. Kushoto kuna jitu, usijigonge. Nipo, nipo, mwachie apite, huyo wangu. Mwalimu, huyo anatumia kushoto, mnyime kushoto. Umechelewa ila umependeza. Seremala, rudi, unatazama nini huko, kuna pilikapilika gani?" Hata wapinzani aliwahudumia. Mtu akisimama kupiga mtupo huru, Redio alimuuliza kwa upole kama mkewe ameshapona mafua.

"Mimi Jumamosi nikifika nyumbani bado namsikia masikioni," dereva wa lori alikuwa akisema. "Mke wangu akiniita nile, naruka kulia kwanza."

Sauti ilianza kukwaruza katikati ya msimu. Redio akasema ni vumbi la mbao. Akatafuna tangawizi, akanywa asali, akasukutua maji ya chumvi, na katikati ya kila dawa akaeleza kwa kirefu jinsi inavyofanya kazi. Mjomba wake, mwenye duka la vioo walilofanyia kazi pamoja, akamwambia, "Unasikika kama kioo kinachokatwa kwa kisu butu." Asubuhi moja Redio alifungua mdomo kuwaamsha watoto wake mapacha, ukatoka upepo. Mkewe akamshika mkono, moja kwa moja hospitali.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye taa kwenye paji la uso. Alimpitishia mrija mwembamba puani, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta nyuzi zake za sauti: mbili, na katikati ya kila moja kichuguu kama punje ya mchele.

"Ni sugu," daktari akasema. "Kama za mikono yako, ila hizi zimeota mahali pa kusemea."

"Dawa yake?" Redio akakwaruza.

"Hilo swali ndilo la mwisho. Dawa ni kunyamaza. Wiki tatu. Usiseme, usiimbe, usinong'one. Kunong'ona ni kubaya zaidi."

Redio akamwangalia mkewe kama mtu aliyehukumiwa kwa kesi ya jirani.

"Na akijisahau?" mke akauliza.

"Akijisahau nitalazimika kukata. Na nikishakata, mama, siwezi kuwaahidi ataamka na sauti gani. Inaweza kuwa yake. Inaweza kuwa ya mlango usiotiwa mafuta."

"Naomba hayo maneno kwenye karatasi," mke akasema. "Na muhuri."

Wiki tatu zile zilikuwa na Jumamosi tatu, na Jumamosi tatu zilikuwa na mechi tatu, za mwisho za msimu. Stoo walihitaji ushindi mmoja tu wabaki daraja la kwanza. Mmoja kati ya mechi tatu. Wakiukosa, wanashuka kwenda kucheza na timu ambazo vikapu vyao havina nyavu.

Habari zilipofika mazoezini, kocha aliisoma karatasi ya daktari mara mbili, akamgeukia Redio. "Amekukataza kuruka?" Redio akatikisa kichwa. "Kurusha?" Akatikisa tena. "Basi mbona mnaniletea nyuso za msibani? Mkono upo. Nani alikuwa anaufuata huo mdomo?"

"Wiki tatu za amani," seremala mkubwa akasema, akainua mikono juu kushukuru. Walicheka wote, hata Redio, ambaye alicheka bila sauti huku mabega yakimpanda na kushuka kama bomba la maji la mkono.

Jumamosi ya kwanza alicheza kama aliyepandwa na mashetani. Yale yote ambayo angeyasema yalishuka mikononi. Alifunga pointi thelathini na nne, nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yake. Watazamaji walisimama. Kuna mzee alivua kofia akaitupa uwanjani, kisha akashuka kuifuata. Na Stoo wakafungwa kwa tofauti ya pointi kumi na tisa.

Hesabu hiyo ilimshinda hata mwalimu wa hesabu. Walikaa kwenye benchi na taulo vichwani, kila mmoja akitafuta mchawi wake. Seremala mkubwa alisema ni jua. Seremala mdogo alisema mpira ulijazwa upepo kupita kiasi. Dereva wa lori alilalamika kwamba mara nne aligongana na mtu ambaye hakuwepo pale sekunde moja kabla. Fundi simu hakusema kitu, lakini yeye hakuwahi kusema kitu, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Jumatatu Redio na mjomba wake walikuwa na kioo cha dirisha la duka la viatu, kirefu kuliko mtu na kipana kama kitanda. Kioo cha namna hiyo hubebwa na watu wawili. Wa mbele anatembea kinyumenyume, wa nyuma ndiye anayeona njia, na tangu Redio aajiriwe pale, miaka kumi na moja, wa mbele alikuwa mjomba. Siku hiyo walikuwa wamekubaliana ishara: Redio akigonga kioo kwa pete mara moja, simama, mara mbili, twende. Ikaenda vizuri mpaka mlangoni pa duka. Kizingiti cha duka lile kilikuwa cha juu kidogo. Pete haikuwa na neno la kizingiti. Mjomba alijikwaa, akakaa chini kwa kishindo, na kioo kilisalimika kwa sababu Redio alikikumbatia kama bibi harusi.

Mwenye duka la viatu akaleta maji. Mjomba akabaki pale chini akisugua kiwiko.

"Miaka kumi na moja natembea kinyumenyume," akasema, "sijawahi hata siku moja kuuliza kizingiti kiko wapi. Nilijua nina macho ya kisogoni. Kumbe nilikuwa nasomewa."

Redio alisimama na kioo kifuani, na ndani yake jambo likakaa sawa. Alimwona dereva wa lori akigongana na mtu. Aliwaona maseremala wakimkaba mchezaji mmoja wote wawili huku mwingine akipita zake kama mgeni mwalikwa. Alitaka kulisema pale pale. Hakuweza kusema, na hakuweza kuandika kwa sababu mikono ilikuwa na kioo, na hakuweza kukiweka kioo kwa sababu mjomba alikuwa amekaa mahali pa kukiwekea. Akabaki ametoa macho. Mwenye duka akadhani naye ameumia, akamletea maji.

Kwa kuwa hakuwahi kumiliki daftari, alikuwa akitumia la hesabu la mapacha, lenye visanduku. Jioni hiyo akaandika ndani yake kwa herufi kubwa na kumpa kocha: JUMAMOSI TULICHEZA KINYUMENYUME, HAKUNA ALIYETUSOMEA NJIA.

Kocha alisoma. Akasoma tena. Akaivua filimbi shingoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Ni mdomo?" akauliza. "Unataka kuniambia miaka yote hii ni mdomo?"

Redio akainua mabega.

"Na mimi kila mapumziko nakwambia uufunge."

Wenzake walilisoma daftari kwa zamu. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza kukubali, maana aliikumbuka mechi yote na hakuna hata mara moja alipojua nani yuko mgongoni kwake. "Zamani nilidhani nahisi," akasema. "Kama kipaji."

Sasa, watu wengine wakishagundua kwamba timu yao inaendeshwa na sauti, wangetafuta sauti nyingine. Stoo hawakuwa watu wengine. Walikuwa na fundi vioo aliyekuwa akigonga kwa pete, na kocha aliyesomea ualimu wa michezo enzi za gwaride. Wakaamua Redio apige makofi. Kofi moja, hatari iko kushoto. Mawili, kulia. Matatu, nyuma. Walifanya mazoezi jioni tatu na ilifanya kazi kama cherehani mpya. Pa! wote kushoto. Pa, pa! wote kulia. Kocha alitokwa na machozi kidogo, akasingizia vumbi la mbao.

Jambo moja halikuwajia akilini. Nyuma ya stoo ya mbao hakukuwa na watazamaji.

Jumamosi ya pili walicheza na timu ya chuo, na chuo kilileta wanafunzi wake. Dakika ya pili Redio alimwaga mpira nyuma, ukazama, na mashabiki wote, wa huku na wa kule, wakapiga makofi kwa heshima. Wachezaji wanne wa Stoo waligeuka kushoto, wakageuka kulia, wakageuka nyuma, wakaendelea kuzunguka pale pale kama watu waliopoteza funguo. Chuo wakafunga bila kukabwa na mtu yeyote. Kwa kufunga huko wakapigiwa makofi, na Stoo wakazunguka tena.

Haikuchukua muda benchi la chuo likang'amua. Kila walipotaka kupita kushoto, walipiga makofi mawili. Mwalimu wa hesabu alimwendea mwamuzi kushtaki.

"Wanapiga makofi ya uongo," akasema.

"Rudia," mwamuzi akasema.

"Makofi yao, refa. Yana uongo ndani."

Mwamuzi akamuuliza kama amekunywa maji ya kutosha.

Robo ya tatu kocha alifuta makofi, lakini mwili ukishajifunza haufutiki kwa amri. Seremala mdogo aligeuka nyuma mpaka dakika ya mwisho. Walifungwa kwa pointi sita. Mashabiki wao wenyewe, kwa kuwaliwaza, wakawapigia makofi wakitoka.

Ikabaki mechi moja, na wapinzani ni timu ya zimamoto, watu wanaobeba mabomba na ngazi kwa kazi, wenye shingo kama mapaja. Redio alifanya uamuzi wake Jumapili. Hakumwambia mtu. Aliuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, kama mtu anayejaribu kuuona ukoje: *Nitasema. Robo ya mwisho tu.*

Daftari lilikuwa la hesabu, na hesabu za mapacha zilisahihishwa na mama yao, mwalimu wa chekechea. Jumanne jioni alikuja nalo jikoni, alipokuwa Redio akimenya viazi, akaliweka mezani limefunguliwa.

"Baba Pacha, hii ni hesabu ya ngapi?"

Redio akaendelea kumenya kiazi kilichokuwa kimekwisha menywa.

"Nakuuliza wewe kwa sababu watoto wamesema si yao." Akavuta kiti. "Unajua kila ninapopita napongezwa? Sokoni, shuleni, kote. Hongera Mama Pacha, umepumzika. Utadhani nimehamia nyumba mpya. Nami nacheka nao. Lakini hawa watoto wako siku ya tatu hii wanaamka usiku kuja kuangalia kama upo. Wamezoea kukusikia. Wasipokusikia, kwao umesafiri."

Redio akafuta mikono, akavuta kalamu. *Robo moja tu. Dakika kumi.*

"Daktari hakusema dakika kumi. Mlango usiotiwa mafuta ndio nitakaolala nao mimi, si kocha."

*Na timu?*

Mkewe alilisoma neno hilo. Hakuwa mtu wa kudharau timu. Alikuwa amefua jezi zile miaka mingi kuliko alivyofua mashuka yake mwenyewe.

"Uwanjani mko watano," akasema. "Wanne wana koo zima. Umewahi kuwasikia wakisema?"

Redio akatikisa kichwa. Akaandika, kwa uaminifu kabisa: *Si wasemaji.*

"Wangesema saa ngapi?" Akaangua kicheko, akaweka mkono kwenye daftari. "Mume wangu, mimi nina watoto thelathini darasani. Yule asiyesema kitu mwaka mzima, ukichunguza utakuta amekaa jirani na yule asiyenyamaza. Nikimhamisha, wiki haiishi ananiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa sauti ya mwimbaji."

Kesho yake, mapumziko ya mchana, Redio aliingia kwenye kibanda cha fundi simu. Ni kibanda cha mlango mmoja na dirisha moja la kioo, ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitia, na nje yake njia ya watu. Fundi simu alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa tumbo, pumzi ameibana, maana skrubu zake ni ndogo kiasi kwamba ukikohoa unazitafuta hadi jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ukimya wake: kazi yake yote aliifanya bila kupumua. Lakini uwanjani yeye ndiye aliyeutazama mchezo wote kwa mbele, na macho yake yaliona skrubu gizani.

Redio akageuza kiti cha fundi kikaelekea dirishani, akampa daftari. *Niambie nani anapita. Kushoto au kulia. Kabla hajafika mlangoni.*

Fundi simu akasoma. "Mimi?"

Redio akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Kwa sauti?"

Ndiyo.

Fundi simu akakohoa kidogo. "Kulia," akasema, kama mkwe anayeuliza choo kiko wapi ugenini. Redio akaweka kiganja sikioni. "Kulia, baiskeli." Kiganja kikabaki pale pale. "Kulia, baiskeli, ina kuku! Kushoto, mama mnene!"

Mama mnene akasimama. Alirudi hatua mbili, akaingiza kichwa mlangoni.

"Umesemaje?"

"Shikamoo," fundi simu akasema.

"Nauliza umesemaje."

"Ni mazoezi, mama. Ya mpira."

"Mimi ndiye mpira?"

Ikabidi Redio atoe karatasi ya daktari yenye muhuri, ambayo haikuhusiana na jambo lile hata kidogo, lakini ilikuwa na muhuri. Mama akaisoma yote, akampa pole ya koo, akaenda zake akiwa amemsamehe Redio na hajamsamehe fundi simu.

Walifanya hivyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Wateja walikuta simu zao hazijaguswa na fundi yuko dirishani anatangaza njia: "Kushoto, wawili, mmoja ana haraka. Kulia, mwenye kofia, anarudi, anarudi, ameingia kwa jirani." Kufikia Ijumaa watu walikuwa wakipita makusudi wasikie watatangazwa vipi. Kijana wa saluni alipita mara tano na mitindo mitano.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mjomba alifunga duka akaja, kiwiko kikiwa na bandeji. Mama Pacha alikaa safu ya mbele, mtoto mmoja kila upande, macho hayako kwenye mpira bali kwenye mdomo wa mumewe, kama askari wa zamu.

Zimamoto walianza kwa nguvu. Robo ya kwanza fundi simu alitangaza, lakini kwa ile sauti ya ugenini, na kelele za uwanja zikaimeza. Stoo wakawa nyuma kwa pointi tisa. Redio alisikia koo lake likiwasha kama mguu unaotaka kukimbia. Akamwendea fundi simu, akainama hadi paji la uso likakutana na paji la uso, akamwelekezea kidole kwenye watazamaji, upande wa kushoto. Safu ya pili, alikuwa amekaa yule mama mnene.

Fundi simu akacheka. Hatujui kicheko kilifungua nini, lakini baada ya hapo alipaza sauti kama muuza magazeti.

"Kulia, mwalimu, kulia! Seremala, nyuma yako mwenye kitambaa! Mwachie, mwachie, huyo wa dereva!"

Wakageuka. Na kila walipogeuka, mtu alikuwepo. Robo ya pili mwalimu wa hesabu naye akaanza, kwa sauti ya darasani, akiwapa wapinzani namba kana kwamba anaita mahudhurio. Dereva wa lori akagundua kwamba ile sauti anayotumia kupigia kelele magari barabarani haina masharti ya kutumika barabarani tu. Seremala mdogo alikuwa akikosea kushoto na kulia, lakini alikosea kwa sauti, na wenzake wakajua wamsikilize kinyume. Lilikuwa soko, si mchezo. Ila soko lile lilikuwa na mpango, na robo ya tatu ilipokwisha Stoo walikuwa mbele kwa moja.

Robo ya mwisho Redio alikuwa amekaba chini ya kikapu, macho kwa mwenye mpira, akasikia: "Redio! Nyuma yako, kulia, anakuja!"

Alichelewa nusu ya nusu sekunde, kwa sababu lilikuwa jambo geni. Miaka yote aliyocheza, hakuna aliyewahi kumwambia kilichoko nyuma yake. Alijigeuza kulia, na hapo hapo akamkuta mtu wa zimamoto angani na mpira mkononi. Akauchukua mpira ule kama mtu anayepokea mzigo kwa mgeni. Kitu kilimpanda kifuani, kitamu, ambacho angehitaji robo saa kukieleza.

Zikabaki sekunde nane. Stoo mbele kwa pointi moja, mpira kwa zimamoto. Na Redio akaona. Kwenye pembe ya kushoto, mrushaji wao bora alikuwa amejitoa taratibu, peke yake, mikono tayari. Dereva wa lori, aliyetakiwa kumkaba, alikuwa amempa mgongo. Pasi ilikuwa inaondoka.

Mdomo wa Redio ukafunguka. Pumzi ikaingia, tumbo likajibana, neno likafika hadi nyuma ya meno. Kule safu ya mbele Mama Pacha akasimama, na watoto nao wakasimama bila kujua kwa nini.

Akalimeza. Alilimeza zima zima, akalihisi likishuka kama kiazi cha moto.

"Pembeni!" fundi simu na mwalimu wa hesabu wakapiga kelele kwa pamoja. "Dereva, pembeni!"

Dereva aliruka kabla ya kugeuka. Vidole vyake viwili viligusa mpira wa mrushaji ukiwa njiani kwenda kikapuni, si zaidi ya hapo, ukaenda ukiyumba, ukagonga ukingo wa kikapu, ukaanguka nje. Filimbi ya mwisho.

Redio alikuwa amefunga pointi kumi na moja. Watu walimbeba hata hivyo, watu hubeba waliyemzoea, na yeye akiwa kule juu aliwanyooshea kidole fundi simu na wenzake, mmoja mmoja, mpaka wabebaji wakaelewa wakamshusha. Fundi simu alikuwa hana sauti kabisa. Mama mnene alikuwa akimtafuta, na kwa mwendo wake haikujulikana kama ni kwa heri au kwa shari.

Jumatatu daktari alipitisha mrija wake, akatazama, akachukua muda wake wote. Vile vichuguu vilikuwa vimebaki alama tu, kama mahali palipokuwa na chunusi.

"Sema kitu," akasema. "Taratibu."

Redio alikuwa na wiki tatu za maneno. Alikuwa ameyapanga, alikuwa na orodha. "Ahsante, daktari," akasema, ikatoka laini, chini kidogo kuliko zamani, yake. Mkewe alitazama dirishani, akapangusa jicho kwa kidole kidogo, akasema wakati wa kurudi wapitie duka la madaftari, maana watoto hawana la hesabu.

Jioni hiyo hiyo alikwenda mazoezini. Alisimama mahali pake chini ya kikapu, akasafisha koo, akasubiri mpira uanze. "Kush—" akaanza.

"Kushoto!" walisema watatu kwa pamoja.

"Mwalimu, huyo—"

"Namwona, namwona, ni wangu!"

"Seremala—"

"Nimerudi!" seremala akamjibu, na kweli alikuwa amerudi.

Redio akafunga mdomo, akafungua, akafunga. Mwishowe akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayeomba nafasi. Kocha, kutoka pembeni, akamwambia asubiri zamu yake, kuna watu wawili mbele yake. Redio alicheka, sasa kwa sauti, kicheko kikavuka ukuta.

"Redio, unacheka nini?" fundi simu akaita. "Kulia kwako!"

Akakimbilia kulia.